RHCSA haipatikani kwa kukariri majibu

Wengi wanaotafuta cheti cha kwanza cha usimamizi wa mifumo hukariri maswali yaliyovuja. Kwa RHCSA, cheti cha kampuni ya Red Hat cha kusimamia mifumo ya Linux, hiyo ni kazi bure: mtihani hauna maswali ya kuchagua. Unakabidhiwa mashine za Linux na orodha ya kazi. Kufaulu ni alama 210 kati ya 300.

Kinachoangusha watu ni kuwasha mashine upya, maana mipangilio lazima idumu baada ya hapo. Umeunganisha diski kwa `mount` ila hukuiandika kwenye `/etc/fstab`, faili la diski za kuunganishwa mashine inapowaka? Imepotea. Huduma uliyoianzisha kwa `systemctl start` bila `enable` (amri ya kuifanya ianze yenyewe) nayo haitaamka. Na ukikosea UUID (kitambulisho cha kipekee cha diski) ndani ya fstab, mashine yenyewe yaweza kukwama njiani, kwa hiyo jaribu `mount -a`, inayounganisha diski zilizo kwenye fstab, kabla ya kuizima.