Je, wajua kwa nini wezi wale wale walizima kasino moja na jirani yake ikabaki inawaka?

Kati ya Bellagio na Caesars Palace, mjini Las Vegas, inapita barabara moja tu, Flamingo. Wiki ya pili ya Septemba 2023, hoteli za MGM Resorts, kampuni inayoendesha Bellagio, zilikuwa katika hali ambayo mji ule haujaizoea. Mashine za kamari zilizima. Wageni walipanga foleni mapokezi kwa sababu funguo za kidijiti hazikufungua milango. Mtu akishinda, mfanyakazi alikuja kumlipa kwa mkono na kumwandikia stakabadhi kwa kalamu. Ng'ambo ya barabara, Caesars Palace, taa ziliwaka na mashine ziliendelea kuzunguka.

Ungeulizwa siku ile ni kampuni ipi imeibiwa, ungeonyesha kidole Bellagio. Kumbe zote mbili zilikuwa zimeingiliwa, na Caesars Entertainment ndiyo iliyotangulia. Visa vyote viwili vilihusishwa na kundi lile lile, ambalo watafiti wa usalama wa mtandao wanaliita Scattered Spider. Wengi wao ni vijana wazungumzaji wa Kiingereza, na baadhi hawajatimiza hata miaka 20: Julai 2024 polisi wa Uingereza walimkamata kijana wa miaka 17 mjini Walsall kuhusiana na shambulio la MGM.

Kama wezi ni wale wale, na mbinu ni ile ile, kwa nini jirani mmoja alizimika na mwingine akaendelea na biashara? Na mtu wa bima, mwenye hisa, au mchezaji anayeacha leseni yake ya udereva kaunta, atajuaje ni kampuni ipi iliyo hatarini zaidi?

Tuanze na mlango walioingilia, maana humo ndimo jibu linamoanzia. Hawakuvunja kitu, walimlaghai mtu. Caesars yenyewe, katika taarifa yake ya tarehe 14 Septemba 2023 kwa tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, ilisema chanzo kilikuwa ulaghai dhidi ya kampuni ya nje iliyokuwa ikiwapa huduma za msaada wa kompyuta. Kwa MGM, habari iliyoenea ni kwamba mtu alipiga simu kwenye kitengo cha msaada wa kompyuta akijifanya mfanyakazi aliyefungiwa nje ya akaunti yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Sisi tuliokwisha kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunajua kwamba tapeli hana haja ya kuujua mtambo; anahitaji kumjua mtu na kuijua dakika ambayo mtu huyo hana muda wa kufikiri. Kampuni yenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi hupokea kila siku simu za watu waliosahau neno la siri au kupoteza simu waliyosajilia uthibitisho wa hatua ya pili. Anayepokea simu hizo kazi yake ni kusaidia, na haraka. Akisikia jina kamili, cheo na idara, vitu ambavyo watu huvianika wenyewe kwenye LinkedIn, anaona anazungumza na mwenzake. Anafuta uthibitisho wa zamani, anaweka mpya, na mgeni yumo ndani kwa ufunguo halali. Siku chache tu kabla ya shambulio la MGM, mwishoni mwa Agosti 2023, kampuni ya Okta, ambayo mfumo wake wa kuingilia akaunti ulitumiwa na kasino zote mbili, ilikuwa imetoa onyo la wazi kuhusu simu za namna hii.

Huko ndani ndiko njia zilikoachana. Caesars waligundua kwamba nakala ya kanzidata ya wanachama wao, yaani wateja wa kudumu waliojisajili, imechukuliwa, pamoja na namba za leseni za udereva na namba za hifadhi ya jamii, ambazo Marekani hutumika kama utambulisho wa mtu, za watu wengi. Vyombo vya habari viliripoti kwamba wezi walidai dola milioni 30 na wakalipwa takriban milioni 15. Katika ile taarifa, Caesars walisema wamechukua hatua kuhakikisha data iliyoibwa inafutwa, kisha wakaongeza kwamba hawawezi kuthibitisha kuwa imefutwa kweli. Sentensi hiyo ningependa kila mwanachama wa kasino yoyote aisome mara mbili.

MGM, kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa wakati ule, walikataa kulipa. Walizima baadhi ya mifumo yao wenyewe ili kuzuia moto usienee, na wadukuzi nao wakafunga seva kwa programu ya kudai fidia, inayofungia data mpaka mwenyewe alipe. Ilichukua takriban siku 10 hoteli kurudi katika hali ya kawaida. Oktoba 2023 kampuni ilikadiria pigo la dola milioni 100 kwenye faida yake ya uendeshaji, na chini ya milioni 10 zaidi kwa washauri na wanasheria. Data ya wateja nayo ilikwenda.

Sasa ukiweka milioni 15 kando ya milioni 100, unaweza kusema Caesars walikuwa na hatari ndogo. Mimi nasema hapana. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Moja ni bei ya kununua ukimya wa mwizi, nyingine ni gharama ya kumkatalia. Udhaifu uliomwingiza ulikuwa ule ule, na kwa mteja ambaye namba yake ya hifadhi ya jamii imeshatoka, haijalishi sana kama mashine ilizima au haikuzima.

Kuna kampuni ambazo biashara yao ni kulinganisha hatari hizi. BitSight na SecurityScorecard ni mbili zinazojulikana. Moja hutoa alama ya namba, kama zile benki zinazotumia kupima kama mtu anakopesheka. Nyingine hutoa herufi kuanzia A hadi F, kama ripoti ya shule. Huangalia kampuni kutoka nje: seva zisizosasishwa, milango ya mtandao iliyoachwa wazi, barua pepe zinazoweza kughushiwa, maneno ya siri ya wafanyakazi yaliyovuja. Ni kazi ya maana, na kampuni za bima huitegemea. Lakini ni sawa na kuikagua nyumba ukiwa barabarani. Utaona nondo za dirisha, utaona kufuli la geti na urefu wa ukuta. Hutaona kama mlinzi humfungulia yeyote anayekuja na salamu nzuri na jina la mwenye nyumba mdomoni. Mlango wa 2023 ulikuwa huo wa mlinzi.

Kwa hiyo anayetaka kulinganisha kwa haki lazima aingie ndani na kuuliza maswali yasiyo na alama. Swali ninalolipa uzito kuliko yote ni hili: kampuni inaweka nini kuhusu mteja, na kwa muda gani?

Kasino si duka la viatu. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, mwaka ule wa 2023, aliyeshinda dola 1,200 au zaidi kwenye mashine ya kamari alijaziwa fomu ya kodi yenye namba yake ya hifadhi ya jamii. Miamala ya fedha taslimu inayozidi dola 10,000 kwa siku nayo huripotiwa, katika vita dhidi ya utakatishaji wa fedha. Ongeza kadi ya mwanachama, inayoandika kila anapocheza, anapolala na anapokula. Ndiyo maana kanzidata ya wanachama wa kasino ni hazina kuliko kasha la fedha lililo chini ya sakafu: ndani yake yumo mtu mzima, utambulisho wake na tabia zake. Caesars walikuwa na wanachama zaidi ya milioni 60. Upande wa MGM, data iliyochukuliwa ilikuwa ya wateja waliofanya nao miamala kabla ya Machi 2019. Tazama tarehe hiyo tena. Wizi ni wa 2023. Kampuni mbili zenye kuta sawa haziko katika hatari sawa kama moja hufuta mafaili ya zamani na nyingine inayalimbikiza.

Swali la pili ni la jinsi vyumba vya ndani vinavyopakana. Kuna kisa kinachosimuliwa sana, kilichotolewa na kampuni ya usalama wa mtandao ya Darktrace, cha kasino ambayo haikutajwa jina iliyoingiliwa kupitia kifaa cha kupima joto kwenye tangi la samaki. Watu hukipenda kwa sababu kinachekesha, lakini somo lake ni zito: kifaa hicho kilikuwa na njia ya kufika kwenye data. Mfano wa upande wa pili ni Marina Bay Sands ya Singapore. Oktoba 2023 iliingiliwa na data za wanachama wapatao 665,000 zikafikiwa. Wale walikuwa wanachama wa klabu ya manunuzi na burudani. Kampuni ilisema haikuona ushahidi kwamba klabu ya wachezaji wa kasino iliguswa. Moshi ukijaa chumba kimoja, mlango wa kati ukawa umefungwa, nyumba inabaki.

Wamiliki wa Marina Bay, Las Vegas Sands, walijifunza jambo hilo kwa uchungu mwaka 2014, na hapo pia panaonekana kitu ambacho hakuna mtambo unaoweza kukipima. Oktoba 2013, mwenye kampuni, Sheldon Adelson, alisema hadharani mjini New York kwamba Marekani irushe bomu la nyuklia kwenye jangwa la Iran kama onyo. Februari iliyofuata kompyuta za kampuni yake zilianza kufutika moja baada ya nyingine. Wadukuzi waliingilia kasino ndogo ya kampuni hiyo huko Bethlehem, Pennsylvania, ambako ulinzi ulikuwa dhaifu, kisha wakatembea mpaka Las Vegas. Hawakudai hata senti. Mwaka 2015 mkuu wa ujasusi wa Marekani, James Clapper, aliliambia Bunge kwamba Iran ndiyo iliyohusika. Ungekuwa unalinganisha kasino za Las Vegas mwishoni mwa 2013 kwa kuhesabu seva tu, hotuba ile usingeiweka kwenye mizani.

Kampuni za kubeti mtandaoni ni aina nyingine kabisa. Hazina vyumba wala funguo, lakini kila mteja ana pochi. Novemba 2022, akaunti zipatazo 60,000 za DraftKings ziliingiliwa kwa kujaribu maneno ya siri yaliyovuja kwingineko, kwa sababu watu hutumia neno moja kila mahali. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa Marekani, takriban dola 600,000 zilitolewa kwenye akaunti zipatazo 1,600. Hapa kwetu, ambako wengi hubeti kwa simu na fedha huingia na kutoka kwa laini ile ile, anayeiteka laini ameshika pochi. Kuhamisha laini ya mtu kwenda kwenye kadi nyingine ni mbinu ambayo hata vijana wa Scattered Spider waliitumia.

Je, habari za kulinganisha zinapatikana wapi? Kiasi kikubwa zinatokana na sheria. Kanuni ya Nevada, jimbo lenye mji wa Las Vegas, iliyoanza Januari 2023 ilizitaka kasino zifanye tathmini ya hatari za mtandao, na zikiingiliwa vibaya ziiarifu bodi ya jimbo ndani ya saa 72. Ni saa zile zile ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa anayehifadhi data za watu kumwarifu kamishna wa data. Tangu Desemba 2023, kampuni zenye hisa sokoni Marekani zina siku nne za kazi kutangaza tukio, kuanzia zinapoona lina uzito kwa wenye hisa, na kila mwaka lazima zieleze jinsi zinavyosimamia hatari hizo. Msomaji awe makini hapa: kampuni inayoeleza mengi huonekana mbovu kando ya ile inayonyamaza.

Septemba 2025 kampuni nyingine ya Las Vegas, Boyd Gaming, ilitoa taarifa yake. Mgeni asiye na ruhusa ameingia kwenye mifumo, data za wafanyakazi na za watu wengine wachache zimechukuliwa, shughuli za kasino hazikuathirika, kampuni ina bima ya mtandao na haitarajii hasara kubwa. Nilipoisoma nilianza kuigawanya: mashine hazikuzima, kwa hiyo huenda vyumba vimetenganishwa; waliopoteza zaidi ni wafanyakazi, si wachezaji; hasara imehamishiwa kwa mtu wa bima. Nikatafuta sentensi inayosema ni nani aliyemfungulia mgeni huyo mlango, na kwa kuambiwa nini. Haikuwemo.