Jezi ya Simba, Roho ya Mlandege

Nimekuwa kamisaa wa mechi za Ligi Kuu ya Zanzibar kwa miaka kadhaa. Kamisaa hufika uwanjani kabla ya timu, huongoza kikao cha maandalizi, hukagua jezi zisigongane rangi, huangalia kama gari la wagonjwa lipo. Yote hayo nayafanya kwa raha. Kinachonichoma ni ile sehemu ya ripoti inayotaka idadi ya watazamaji. Kuna jioni nimekaa Uwanja wa Mao Zedong nikawahesabu watu mmoja mmoja hadi wa mwisho, na nilipotoka nikapita banda umiza limefurika mpaka mlangoni, wanaangalia Yanga ikicheza Mbeya.

Wazee wenzangu wa barazani husema vijana wa Unguja wameuacha mpira wao, wameolewa na Ligi Kuu Bara. Mimi sikubali. Mapenzi yale yapo, ila yamekosa pa kukaa.

Tangu miaka ya 1920 mpira wa Zanzibar ulikuwa wa mitaa. Vijana wa Mji Mkongwe na Ng'ambo walikutana Mnazi Mmoja, na timu ilikuwa jina la pale ulipozaliwa. Malindi, Mlandege, Miembeni, Kikwajuni: hayo ni majina ya mitaa kabla hayajawa ya klabu. Hukuchagua timu, ulikuta baba na wajomba washaichagua. Leo tazama msimamo wa ligi: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, Polisi. Ni timu za vikosi vya ulinzi na usalama vya serikali. Sizibezi hata kidogo. Kikosini mchezaji ana mshahara mwisho wa mwezi na ana kazi siku goti litakapomkatalia, wakati klabu ya mtaa husubiri mfuko wa mfanyabiashara mmoja, naye akichoka timu inashuka daraja. Lakini mtoto wa Kikwajuni, timu ya mtaa wake ikishapotea kwenye ligi, ataambiwa na nani kwamba Zimamoto ni yake?

Hata hivyo vikosi si sababu kubwa. Kubwa zaidi ni kufa kwa Ligi ya Muungano, iliyokutanisha klabu za Bara na za Zanzibar. KMKM, timu ya kikosi hiyo hiyo, ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1984, na siku zile ilikuwa ya Unguja nzima. Malindi wakaubeba 1989, wakarudia 1992. Simba au Yanga ikivuka bahari ilikuja kutafuta pointi, na Mzanzibari aliyeipenda ilimbidi aamue akae jukwaa gani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ligi ile ikaisha na klabu zetu zikaanza kwenda mashindano ya Afrika kwa tiketi yetu wenyewe. Nilishangilia kama wengine. Sikuona kwamba tunapoteza ile siku ya kuamua. Ukishakuwa na Simba kwenye ligi moja na Mlandege kwenye nyingine, unaweza kuzipenda zote mbili maisha yako yote bila kuulizwa, na ile inayoonyeshwa kwenye televisheni kila wiki ndiyo itakayokula muda wako.

Mwaka 2023 Mlandege walichukua Kombe la Mapinduzi, shindano la Januari hapa Zanzibar ambalo timu za Bara hualikwa, kwa kuwafunga Singida Big Stars 2-1. Tarehe 13 Januari 2024 wakarudi fainali, Amaan, safari hii na Simba. Nilikuwa jukwaani, bila kazi siku hiyo. Mbele yangu walikaa jamaa watatu wa makamo, wote jezi nyekundu. Mlandege walipopata bao, wawili kati yao walisimama. Mmoja alishika kichwa, na sikujua kama ni furaha au majonzi, nadhani naye hakujua. Likabaki hilo hilo, 1-0. Wakati wa kutoka walikuwa wanaimba Mlandege na jezi zao za Simba mwilini.

Halafu kuna watoto wetu. Feisal Salum alitoka JKU kwenda Yanga, kisha Azam, na Ibrahim Bacca alitoka KMKM kwenda Yanga hiyo hiyo. Mtu anayefungua televisheni kumwangalia Bacca akiokoa mpira anamwangalia kijana wa nyumbani. Siwezi kumwita msaliti.

Kombe la Muungano limerudi Aprili 2024, nalo nalishukuru, ila ni timu chache na siku chache. Ninachokidai kwenye vikao ni kidogo zaidi: ratiba yetu isipangwe kabla ya kuweka ya Bara mezani. Mlandege na Malindi wasicheze saa 10 jioni siku ambayo Simba na Yanga wanakutana Dar es Salaam. Wapewe Ijumaa yao, na gari la matangazo lipite mitaani tangu asubuhi, Malindi lianzie Malindi.