Nywele fupi za mwanamke mwendesha baiskeli

"Huyo anataka kuwa mwanaume." Maneno haya humfuata mwanamke anayepita na baiskeli akiwa amepunguza nywele. Ni imani ya siku nyingi, na haina msingi.

Tuanze na helmeti. Kwa nyuma ina mkanda unaobana kisogo. Fundo la rasta likikaa hapo, helmeti inainuka na kuyumba, na ukianguka haikukingi ipasavyo. Wanaopenda nywele ndefu husuka twende kilioni zilizolala vizuri, ncha zikashukia chini ya mkanda. Wengine hawana subira hiyo, wala hela ya kusuka upya kila jasho la Dar es Salaam linapoharibu msuko.

Mwingereza Beryl Burton, mwanamke wa mbio za baiskeli, alikuwa na nywele fupi. Mwaka 1967 aliendesha takriban kilomita 446 kwa saa 12, akaipita hata rekodi ya wanaume wa nchini kwake. Alikuwa mke wa mtu, na binti yake, Denise, baadaye alishindana naye barabarani.

Tena wasemaji hao hao (hapa ndipo huwa nacheka) huwanyoa mabinti zao kwa ajili ya shule, na hakuna anayewaita wavulana.