Je, wajua? Kwa nini helikopta hutua kwa wepesi kwenye theluji ya New Zealand, ilhali Mlima Kenya kila kilo huhesabiwa

Pika maharagwe Mombasa, kisha pika mengine ya gunia lile lile Nairobi, kwa jiko la aina moja. Ya Nairobi yatakuweka jikoni muda mrefu zaidi. Maji ya Mombasa huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Ya Nairobi huanza kutokota kabla hayajafika 95, kwa sababu hewa inayoyakandamiza kutoka juu imepungua. Mapovu unayaona, mvuke unauona, ila joto la kuivisha halijatimia. Juu Mlima Kenya, kwenye kilele cha Lenana, maji hutokota kwenye nyuzi 83 au 84 tu, na mtu akibeba maharagwe makavu hadi huko atalala njaa.

Sufuria hiyo ndiyo mwanzo wa jibu. Swali lenyewe huja watu wakishaona zile video za New Zealand: helikopta inapaa juu ya mto wa barafu, inatua kwenye uwanja mweupe, watalii wanashuka na viatu vya kawaida, wanarushiana theluji, dakika kumi baadaye wamerudi kwenye viti vyao. Basi mtu wa Nairobi anauliza: nasi tuna mlima wenye barafu, na uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi umejaa helikopta. Kutoka Wilson hadi mlimani ni kama kilomita 150. Kwa nini nisipande alfajiri, nikakanyage theluji yetu wenyewe, na saa nne niko mezani na chai yangu?

Safari za kuuzunguka mlima kwa helikopta zipo, za kutoka Nairobi na za kutoka Nanyuki. Utaviona vilele, mabonde na maziwa madogo ya kijani yaliyojificha kati ya miamba. Mara nyingi wakitua, hutua chini ya mita 4,000, kando ya maziwa kama Alice au Rutundu. Kutua juu ya barafu yenyewe ni habari nyingine, na chanzo chake ni hewa.

Helikopta hubebwa na hewa. Injini kazi yake ni kuzungusha mapanga tu. Mapanga nayo huikamata hewa na kuisukuma chini, na kwa kuisukuma chini ndipo chombo kinapoinuka. Fikiria mpiga kasia. Kasia likizama kwenye maji, ngalawa inakwenda. Likipiga povu, mkono unachoka na ngalawa haisogei. Kadiri unavyopanda juu, hewa inazidi kuwa povu. Ukichukua shinikizo la hewa la Mombasa kuwa kamili, Wilson, iliyo karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ina kama nne kwa tano. Lenana, kwenye mita 4,985, imebaki na zaidi kidogo ya nusu.

Na hasara haiji peke yake. Injini nayo hupumua hewa hiyo hiyo, kwa hiyo wakati mapanga yanadai nguvu zaidi, injini ina nguvu pungufu ya kutoa. Panga dogo la mkiani, linalozuia chombo kizima kisizunguke kama pia, nalo linapiga povu lile lile. Rubani anaweza kukanyaga pedali hadi mwisho na mkia ukakataa kutii.

Sasa hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, nami naliona ndilo kiini cha yote. Kwa helikopta, kwenda mbele ni rahisi kuliko kusimama. Ikienda mbele, mapanga hukutana na hewa mpya kila wakati, hewa tulivu ambayo haijavurugwa. Ikining'inia mahali pamoja, inabaki kupiga hewa ambayo imekwisha kuisukuma chini yenyewe, na hilo linakula nguvu nyingi mno. Ndiyo maana helikopta inaweza kuzunguka Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, mita 5,199, bila shida kubwa, lakini ikiwa na mzigo wa abiria huenda isiweze kusimama tu hewani pale pale na kujishusha polepole kama inavyofanya Nairobi. Ikikaribia ardhi hupata nafuu, kwani hewa iliyosukumwa hubanwa kati ya mapanga na ardhi ikawa kama godoro. Ila godoro hilo linataka mahali tambarare. Kwenye mteremko wa barafu, hewa humwagika kuelekea bondeni na godoro linatoweka.

Ndiyo sababu ya mizani. Siku niliyopanda ndege ndogo Wilson, kabla ya kuulizwa jina niliambiwa nipande kwenye mizani na begi langu mkononi. Kijana mmoja akaandika uzito kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, akajumlisha, akatazama dirishani kuona jua limefika wapi, akajumlisha tena. Kwa safari ya mlimani hesabu hiyo huwa kali zaidi: abiria wanapunguzwa, mafuta yanajazwa ya kutosha safari na akiba, si ya kujaza tangi. Na wanaondoka mapema, kwa sababu hewa ya alfajiri ni baridi, na hewa baridi ni nzito kuliko ya saa sita mchana. Isitoshe, mawingu ya Mlima Kenya yana desturi ya kupanda kutoka msituni asubuhi hiyo hiyo. Mara nyingi kabla ya adhuhuri kilele kimefunikwa.

Rudi sasa New Zealand. Mlima wao mrefu kuliko yote, Aoraki, una mita 3,724. Hata Lenana, kilele tunachokipanda kwa miguu, kinaupita kwa zaidi ya kilomita nzima. Barafuto yao ya Franz Josef, yaani ule mto wa barafu unaotambaa taratibu kutoka milimani, hushuka hadi mita mia chache tu kutoka usawa wa bahari, karibu na msitu wa mvua. Helikopta huondoka kijijini chini kabisa, na viwanja vya theluji inakotua viko kwenye mita 2,000 hivi. Yaani watalii wale wanacheza na theluji kwenye mwinuko ulio kati ya Wilson na mashamba ya chai ya Limuru! Rubani anayefanya kazi Nairobi kila siku hupaa kwenye hewa nyembamba karibu sawa na ile, na bila baridi ya kumsaidia. Tofauti ni kwamba wao wako mbali na ikweta, pwani yao ya magharibi hupata mvua na theluji nyingi ajabu, kwa hiyo barafu inaweza kuishi chini. Yetu imekimbilia juu, mahali pekee penye baridi ya kuiweka.

Kutua kwenye theluji huko hakukuanza na helikopta. Tarehe 22 Septemba 1955, Harry Wigley alitua na ndege ya kawaida juu ya barafuto ya Tasman, akitumia vibao vya kuteleza alivyovibuni, vinavyoweza kushushwa kwa ajili ya theluji na kuinuliwa ili magurudumu yaguse lami. Helikopta zilikuja baadaye, na leo pale Franz Josef ndizo njia ya kufika juu ya barafu, kwa sababu barafuto imerudi nyuma kiasi kwamba tangu 2012 waongozaji hawawezi tena kuwapandisha wageni kwa miguu kutoka bondeni.

Msomaji makini atasema: lakini helikopta iliwahi kutua Everest. Ni kweli. Tarehe 14 Mei 2005 Mfaransa Didier Delsalle alikigusa kilele cha mita 8,848 kwa helikopta ya aina ya AS350 B3, jamii ile ile inayoonekana sana Afrika Mashariki, akakaa pale dakika 3 na sekunde 50. Ila alikuwa peke yake. Viti vya abiria vilikuwa vimetolewa, na aliutumia upepo unaopanda ukutani mwa mlima kumbeba. Hata hivyo hakuzima injini, wala hakuweka uzito wote juu ya theluji, kwani hakuna aliyejua chini yake kuna nini. Mpe abiria wanne na mabegi yao, hesabu inaharibika.

Hewa tumeimaliza. Bado theluji yenyewe.

Kama umewahi kwenda kwenye mkutano wa siasa au mazishi makubwa hapa kwetu, unajua chopa ikishuka kwenye uwanja wa shule wakati wa kiangazi inakuwaje. Kwanza nyasi zinalala. Halafu vumbi linainuka kama ukuta, akina mama wanashika leso vichwani, watoto wanafumba macho, na kwa muda hivi hata chopa yenyewe huioni, unasikia mlio tu. Sasa geuza: jiweke wewe ndani ya chopa, na badala ya vumbi jekundu weka theluji nyeupe, juu ya ardhi nyeupe, chini ya anga jeupe. Rubani anapoteza kila kitu cha kumwonyesha juu ni wapi na chini ni wapi. Anaweza kuwa anateleza upande bila kujua, hadi mguu mmoja wa chuma uguse kabla ya mwingine.

Hata kabla ya kufika chini, theluji hudanganya. Siku ya mawingu haina vivuli, na bila vivuli jicho haliwezi kukadiria kama ardhi iko mita 5 au mita 50. Ndiyo maana marubani wa theluji hupenda kutua karibu na mwamba mweusi, au alama yoyote ambayo jicho linaweza kuishikilia. Pasipo alama, huangusha kitu chenye rangi. Kwanza wanapita juu na kupachunguza: upepo unatoka wapi, mteremko ukoje, kuna nyufa, na mambo yakienda vibaya nitatokea upande gani. Kisha wanakuja kwa mwendo mmoja usiosita, ili wingu la theluji libaki nyuma yao hadi dakika ya mwisho. Chini ya miguu ya helikopta hufungwa vibao vipana visizame, kwa akili ile ile ya mtu anayelaza ubao kwenye matope. Wakigusa, wanakaa kwanza na nguvu zikiwa bado juu, wanaupima uso wa theluji kidogo kidogo. Wakati mwingine inazama sentimita chache na kutulia. Wakati mwingine upande mmoja unazidi kudidimia, na hapo rubani anaondoka mara moja, bila mjadala.

Mlima Kenya umeshadai gharama yake. Septemba 1970 Gert Judmaier, mpandaji kutoka Austria, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz alikuwa naye. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikwenda kusaidia kwa helikopta. Ilianguka mlimani, naye akafa. Judmaier alishushwa hatimaye na watu, kwa kamba, baada ya siku nyingi, na waokoaji wengine walitoka Innsbruck hadi Kenya kwa ajili yake. Ninapomsikia mtu akisema kutua juu kule ni suala la pesa tu, humkumbuka Hastings.

Na ipo sababu moja zaidi, inayoniuma: mahali pa kutua penyewe panaisha. Mwishoni mwa karne ya 19 Mlima Kenya ulikuwa na barafuto 18. Kubwa inayojulikana zaidi, Lewis, ambayo unaiona ukiwa njiani kwenda Lenana, ilipoteza takribani asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na imeendelea kupungua. Kilichobaki ni kipande chembamba kilichoegemea mwamba, chenye vumbi la mawe juu na maji yanayochuruzika chini. Hakifanani na uwanja mweupe wa video. Mapema Desemba 1849 Mjerumani Johann Krapf aliuona mlima huu kutoka Ukambani, akaandika habari za theluji karibu na ikweta, na wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini. Watoto wetu watahitaji picha ili waamini.

Ukienda, basi nenda kwa safari ya kuzunguka, na uende alfajiri. Kula kidogo. Kumbuka unatoka mita 1,690 kwenda karibu mita 5,000 kwa muda mfupi kuliko foleni ya Thika Road, na kichwa kinaweza kuanza kugonga au kizunguzungu kikakujia. Mwambie rubani mapema, atashuka. Omba akuoneshe Lewis, kwani bila kuoneshwa unaweza kuipita ukidhani ni mwamba uliopauka.

Na kama nauli bado ni ndefu, kuna asubuhi, hasa baada ya mvua ya usiku kusafisha anga, ambapo ukiwa ghorofa ya juu Nairobi na kutazama kaskazini unaziona ncha mbili za Batian na Nelion. Weupe utakaouona hapo kwa kawaida si barafuto, ni theluji ya jana usiku. Tazama tena saa saba mchana, mawingu yakikuruhusu, na sehemu kubwa yake itakuwa imekwisha kuwa maji.