Gari ni ya mjomba, kesi ni yako

Kila likizo ya Desemba hadithi huwa ni ileile. Kijana wa miaka 17 anangoja mzee alale, funguo ziko juu ya friji, anasukuma gari polepole hadi nje ya geti ndo mlio wa injini usiamshe watu, halafu saa nane usiku simu inalia kutoka stesheni. Hapo kila mtu kwenye familia anageuka wakili, shangazi anasema hivi, binamu anasema vile, na mengi yanayosemwa usiku huo si kweli, tena ni makosa ya kugharimu pesa. Haya ndo ninayoyasikia sana huku Kenya.

Ati huwezi kumuibia babako, gari ni ya familia

Hii ina nusu ya ukweli ndo maana haifi. Wizi kwa Penal Code, kifungu cha 268, unataka nia mbaya, kwa kawaida ile ya kumnyima mwenyewe mali yake moja kwa moja. Mtu aliyechukua Probox ya mjomba akaringe nayo mtaani halafu airudishe kabla ya alfajiri, ni vigumu kumfunga kwa wizi wa gari, na ashukuru, maana kifungu cha 278A kinabeba hadi miaka 7. Lakini wengi wanaishia hapo kusoma. Sheria hiyohiyo ina kosa lingine dogo linalokaa kando ya wizi, la kuchukua chombo cha mtu na kukitumia bila haki hata kama hukuwa na nia ya kukiiba, na hilo linaweza kukupeleka jela miezi 6. Hakuna mahali panapouliza kama mwenye gari ni ndugu yako.

Na "ya familia" ni maneno ya mezani tu. Sheria ya trafiki inasema mwenye gari ni yule ambaye jina lake limesajiliwa mpaka mtu athibitishe vingine. Kama logibuku ina jina la mjomba basi gari ni ya mjomba, hata kama nyinyi ndo mnaiosha kila Jumapili.

Ati mzee akisema "nilimruhusu mimi" yameisha

Hapa ndo watu wanajichoma na hawajui. Mama anafika stesheni amevaa leso, anaona mtoto wake nyuma ya kaunta, anasema haraka haraka "afande mimi ndo nilimpa funguo." Kwa kosa la kuchukua gari bila idhini, sawa, amemtoa. Lakini kifungu cha 30 cha Traffic Act kinakataza kuendesha bila leseni, na pia kinamkataza mwenye gari kumruhusu mtu asiye na leseni kuendesha. Sasa mama naye ana kosa lake, na amelikiri mwenyewe mbele ya afisa anayeandika. Kosa la kijana la kuendesha bila leseni bado lipo palepale, halijaguswa na hiyo ruhusa.

Tena kama kuna mtu amegongwa, ruhusa inaanza kuuma upande wa madai. Kuna kesi ya zamani ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, Karisa v Solanki ya 1969, iliyosema gari likishasababisha hasara kwa uzembe, bila ushahidi mwingine korti itachukulia kwamba aliyekuwa kwa usukani ni mtu ambaye mwenye gari anamwajibikia. Kwa hivyo mwenye gari ndo anatakiwa alete ushahidi wa kujitoa. Akionyesha funguo zilichukuliwa akiwa amelala ana pa kushika. Akisema alimtuma kijana alete maziwa dukani, basi kijana alikuwa kwa shughuli ya mwenye gari na uzembe wa kijana unakuwa wa mwenye gari.

Lakini msiogope kupita kiasi, kumpa mtu gari si lazima kukufanye ulipe madeni yake yote. Uingereza mwaka 1972, kwa kesi ya Morgans v Launchbury, mke alikuwa mwenye gari, mume akaenda nalo kulewa, rafiki ya mume akashika usukani wakapata ajali, na majaji wakasema mke halipi kwa sababu dereva hakuwa anafanya kazi ya huyo mke. Mawakili wetu bado wanaitaja kortini.

Kwa hivyo neno moja, ruhusa, linakata huku na huku. Ukilitamka unamwokoa kijana kwa kosa moja na kujitia wewe kwa lingine, ukilikana unajitoa wewe na kumwacha yeye.

Ati bima ni komprehensivu, italipa

Soma karatasi yenyewe bana, si ile stika ya kwa kioo. Mikataba mingi ya bima inamlinda dereva mwenye sifa mbili, awe ameruhusiwa na mwenye gari na awe na leseni au aliwahi kuwa nayo. Huyu wetu amekosa zote mbili kwa usiku mmoja. Bampa, taa na bodi lililopinda, hesabu kwamba ni mfuko wako.

Kwa mtu wa tatu, yaani yule aliyegongwa, mambo yana mvutano zaidi. Cap 405, ile sheria ya bima ya gari kwa mtu wa tatu, inailazimisha kampuni kulipa hukumu kwa hali nyingi, lakini mwisho wake ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja na kilichozidi kinawafuata nyinyi. Kampuni isiyotaka kulipa inaenda kortini kuomba itamkwe kwamba haihusiki, na hata ikilipa inaweza kugeuka na kuwadai. Nimeona watu wanashangilia bima imelipa hospitali, hawajui demandi, ile barua ya kuwadai, iko njiani.

Ati ni mtoto, hashtakiwi

Kwa Children Act ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hana jinai, na kati ya 12 na 14 anachukuliwa hana uwezo wa kuelewa kosa mpaka ithibitishwe anao. Wa miaka 17 hayuko hapo kabisa. Anashtakiwa, ila korti ya watoto, na hafungwi jela ya watu wazima. Anaweza kuelekezwa nje ya mkondo wa kesi au kuwekwa chini ya probesheni. Akishafika 18 anashtakiwa kama mtu mzima, na kama mtu amekufa kwa sababu aliendesha ovyo, kifungu cha 46 cha Traffic Act kina hadi miaka 10 na kunyimwa leseni kwa miaka 3.

Ati tukielewana kama familia kesi inaisha

Ile ya kuchukua gari, mjomba kama mlalamishi anaweza kuomba kuiondoa, na hakimu lazima akubali. Ile ya trafiki mlalamishi ni serikali, mjomba hana cha kuondoa. Hata mkichinja mbuzi.

Na zile ndogo ndogo

"Alikuwa ndani ya esteti tu." Sheria inaposema barabara inahesabu hata parkingi na njia yoyote umma unapoweza kufika.

"Si leseni imesahaulika nyumbani." Kusahau leseni, kwa kanuni za 2016, ni faini ya 1,000. Kutokuwa nayo kabisa ni kosa lingine, na ukidanganya kwamba unayo, NTSA, wale wanaotoa leseni, wana jina lako kwa mfumo au hawana, inaonekana papo hapo.

"Ana PDL." Hiyo ni leseni ya muda ya kujifunza, na alama za L zikiwa zimebandikwa na mwenye leseni kando yake. Saa nane usiku peke yake na muziki juu, hapana.

"Mwambie afande kila kitu ndo akuachilie." Katiba, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, isipokuwa zikiishia nje ya saa za korti, kwa mfano wikendi, hapo ni siku ya korti inayofuata. Mama wa leso naye halazimiki kuandikisha lolote usiku huo. Kudanganya asidanganye, ila anaweza kusema tu "nitaongea wakili akifika" kisha akae kwa benchi angoje kuche, kwa sababu lile neno ruhusa likishaandikwa kwa steitimenti na yeye ameweka sahihi, hakuna rabba ya kulifuta.