Steringi sio mwenye tamthilia

Juzi saluni kinyozi wangu alikuwa ananinyoa huku anacheki Two and a Half Men, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani, kwenye simu, kaiegemeza kwenye kopo la poda, akafika pale steringi Charlie Sheen hayupo kaingia Ashton Kutcher, akaguna. "Hapa ndo mwenyewe alipotoka, ikafa." Nikanyamaza, mashine ilikuwa kisogoni. Ila nishachoka kulisikia hili.

Kwa kifupi: mbunifu wa tamthilia ni yule aliyeitoa kichwani kwake, wale wahusika na dunia yao, na jina lake linaendelea kuandikwa kila episodi hata akishafukuzwa. Shorana (showrunner kwa Kiingereza) ni anayeiendesha siku kwa siku, bosi wa chumba cha waandishi, ndo anaamua utani upi ubaki upi ukatwe. Steringi ni sura unayoiona. Basi, maana ndo hiyo.

Sasa tatizo linaanzia kwenye hilo neno steringi. Kiingereza chake, starring, wala sio mtu, ni kile kineno kilichokuwa kinatangulia majina ya waigizaji kwenye mabango na mwanzo wa filamu, sisi vibanda umiza tukalichukua likawa mtu kabisa, tena mtu asiyekufa, si tunajua wote steringi hauawi. Na kwa kuwa hauawi tukampa na umiliki wa picha nzima. Shorana naye hana jina la kwetu lililokaa vizuri, kuna mtu nimeona kaandika "mkimbiza shoo" kama vile kuna mwizi wa kuku hapo, wakati ile "run" ya Kiingereza pale ni kuendesha, kama unavyoendesha duka. Ukisema "mwendesha kipindi" nako mtangazaji wa redio kashaliwahi zamani. Ndo maana mi nasema shorana tu, yaishe.

Kwa hiyo 2011 aliyefukuzwa ni steringi. Chuck Lorre, mmoja wa wabunifu wa Two and a Half Men, alibaki, na tamthilia haikufa pale, ilienda mpaka 2015. Kama haikuchekesha ni kesi nyingine na mi sibishi.

Unataka kuona mbunifu kaondoka kweli? Angalia Community, vichekesho vya Marekani vya wanafunzi wa chuo, mbunifu wake Dan Harmon. Harmon alitolewa 2012 baada ya msimu wa tatu, waigizaji karibu wote wapo, chuo kilekile, meza ileile ya kusomea, wakaletwa mashorana wapya wawili, David Guarascio na Moses Port, wakafanya episodi 13 za msimu wa nne. Ukizitazama kila kitu kipo mahali pake ila ni kama pilau la mama kalipika jirani, viungo vilevile mkono tofauti. Na jina la Harmon likawa bado linapita pale mwanzo kama mbunifu. Alivyorudishwa msimu wa tano, wahusika wenyewe wakawa wanautaja ule mwaka kuwa ni mwaka wa gesi kuvuja, yaani walivuta hewa mbaya ndo maana hawakuwa sawa. Kejeli hiyo, tena ya mbunifu anayesuta mashorana waliomkalia kiti.

Seinfeld, vichekesho vingine vya Marekani, ndo inawachanganya watu zaidi maana waliibuni wawili, Larry David na Jerry Seinfeld, halafu Larry akaondoka 1996 baada ya msimu wa saba, akabaki Jerry ambaye ni mbunifu, ni steringi, na sasa ni shorana pia. Kazi ikamzidi mpaka zile dakika za kufungulia, yeye na maiki mbele ya watu, zikaondolewa. Utani ukawa wa kasi zaidi na wa kipuuzi zaidi (mi naupenda, niacheni), na msimu wa tisa ukamaliza ukiwa namba moja Marekani. Larry mwenyewe hata hakwenda mbali, sauti ya Steinbrenner, yule bosi ndani ya tamthilia, iliendelea kuwa yake, na 1998 akarudi kuandika episodi ya mwisho.

Kwa hiyo kinyozi wangu, ulivyoguna hukukosea, kitu kilibadilika kweli. Siku nyingine sema tu steringi katoka, nitakuelewa na nitaguna na wewe. Kisogo ulikipatia.