Je, wajua kwa nini farasi hushtushwa na mfuko wa plastiki njiani?

Farasi wa kilo 500 anatembea vizuri kwenye njia ya msituni. Mara mfuko wa plastiki ulionasa kichakani unapeperushwa na upepo. Kufumba na kufumbua, karuka pembeni, kichwa juu, pua zimetanuka, na mpandaji anang'ang'ania tandiko. Wengi humwita farasi wa namna hiyo mjinga au mkaidi, na hapo humwonea.

Farasi ni mnyama anayewindwa. Mababu zake waliishi kwenye nyika zilizo wazi, na huko aliyesubiri mpaka ahakikishe kuna nini nyasini ndiye aliyeliwa. Mwili wake bado unafuata sheria hiyo: kimbia kwanza.

Macho yake nayo yameumbwa kwa kazi hiyo. Yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, takriban nyuzi 350 kati ya 360. Asipopaona ni mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Lakini haoni kwa ukali kama sisi, nyekundu na kijani humchanganya, na akitoka juani kuingia kivulini macho yake huchelewa kuzoea giza. Anachokinasa upesi ni kitu kinachotikisika. Wewe unaona mfuko. Yeye anaona kitu cheupe kimefurukuta pale ambapo palikuwa pametulia.

Hii ndiyo sababu pia anaweza kukipita kisiki wakati wa kwenda bila shida, halafu akakishtukia wakati wa kurudi. Zamani ilisemwa kwamba jicho la kushoto haliambii la kulia lilichokiona. Si kweli, majaribio yameonyesha kwamba alichojifunza kwa jicho moja hukitambua kwa jingine. Ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, waliwazoesha farasi seti ya plastiki ya kuchezea watoto, kisha wakaigeuza upande. Farasi wakaishtukia kama kitu kipya. Basi mpandaji asikasirike akidhani anafanyiwa makusudi.

Sasa tuje kwa aliye juu ya tandiko, maana hapa ndipo safari nyingi huharibika. Nchini Uswidi, watafiti waliwataka watu wapite na farasi njia ileile mara kadhaa, kisha wakawaambia kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yaliongezeka, na ya farasi vilevile, ingawa farasi hakuwa ameambiwa chochote. Fikiria mwili wako ukiwa na hofu: magoti yanabana, hatamu zinafupishwa, pumzi inakatika. Farasi huhisi inzi akitua ubavuni mwake; atakosaje kuhisi mapaja yaliyokakamaa? Kwake hayo yana maana moja tu, kwamba hata mwenzake ameona hatari. Kwa hiyo anza na pumzi. Toa hewa polepole, legeza mabega, na elekeza macho yako kule njia inakokwenda, usiyakodoe kwenye mfuko.

Halafu mpe nafasi. Mgiriki Xenophon, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alionya kwamba kumpiga farasi aliyeogopa kitu humzidishia hofu, kwa sababu huyaunganisha maumivu na kitu kile. Nakubaliana naye kabisa. Msimamishe mbali kidogo, pale ambapo ana wasiwasi lakini bado anakusikiliza, na mwache atazame. Kichwa kikianza kushuka, akapepesa macho, akashusha pumzi nzito, msifu na umkune pale shingo inapokutana na mgongo. Farasi wenyewe hukunana hapo kwa meno, na utafiti uliofanywa Ufaransa ulionyesha kuwa kuwakuna hapo hupunguza mapigo ya moyo. Ndipo umwombe hatua mbili zaidi. Akizitoa, legeza hatamu papo hapo, maana kulegeza huko ndiko kunakomwambia amefanya vema.

Watafiti wa Denmaki walijaribu njia kadhaa za kuwazoesha farasi mfuko mkubwa mweupe unaotikisika. Walioletewa hofu hiyo kidogo kidogo walijifunza wote. Kwenye makundi mengine wapo walioshindwa. Watafiti hao pia walikuta kwamba farasi mgeni wa jambo hutulia zaidi akiwa na mwenzake aliyekwisha kulizoea. Ukiweza, toka na farasi mzee mtulivu, naye atangulie. Safari za mwanzo ziwe fupi, na geuza wakati farasi bado ametulia, usingoje achoke.

Na akigoma kabisa, shuka. Kuna wanaosema kushuka ni kumfundisha kwamba ameshinda. Sioni hivyo: farasi mwenye hofu hashindani na mtu, anatafuta usalama. Ila shuka mapema, kabla hajaanza kuzunguka na kurukaruka. Tembea ubavuni, usawa wa bega lake, ukiwa upande ulipo mfuko, ili akiruka aruke mbali nawe. Usisimame mbele yake wala usijizungushie hatamu mkononi.